Wimbo wa Kapkatet na Filamu za Chai

Mwanafunzi wa Mombasa au wa Mwanza huijua Kericho kabla hajaikanyaga. Anajua kwamba iko juu, mita elfu mbili hivi kutoka usawa wa bahari, kwamba udongo wake ni mwekundu, una kina na asidi kiasi, na kwamba pepo za Ziwa Victoria zikipanda kuelekea msitu wa Mau huangusha mvua karibu miezi yote ya mwaka. Anaijua kwa macho pia: vilima vya kijani vilivyokatwa vikalingana kama vimenyolewa, na wachumaji waliozama hadi kiunoni katika majani, vikapu mgongoni. Picha hiyo imo katika vitabu vya jiografia, katika kalenda, kwenye pakiti za majani ya chai, na katika filamu za mafunzo zinazotaka kueleza Kenya kwa dakika chache. Si picha ya uongo, kwani vilima vipo na majani yapo. Lakini mkulima wa Litein au wa Mogogosiek akiitazama ataona mara moja kisichokuwamo. Hamna mvua ya mawe, ingawa ukanda huu ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 ndege zilitumwa kutia dawa katika mawingu ya Kericho na Nandi kujaribu kuizuia. Alasiri moja ya mawe yaweza kuyararua majani ya wiki nzima. Picha haikukusudia kuficha jambo hilo. Ilipigwa kwa ajili ya mtu atakayekunywa chai, wala haikumfikiria yule atakayeilima.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala hii. Filamu na kanda zinazoufundisha ulimwengu kuhusu mahali fulani hukosea kwa namna ile ile kila zinapotengenezwa bila kutarajia kwamba wenyeji wenyewe watakuwa watazamaji. Kosa lenyewe si lazima liwe uongo. Aghalabu ni jambo la kweli lililokatwa nusu, na nusu iliyobaki hudumu miaka na miaka kwa sababu hakuna aliye karibu wa kuikana. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, maana imetazamwa sana na kuulizwa kidogo.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza kwenye picha. Maelezo ya kawaida ya darasani huorodhesha mwinuko, udongo, mvua na nguvukazi, kisha humalizia kwamba kwa sababu hizo chai inastawi Kericho. Orodha ni sahihi, ila inamfanya msomaji aamini kwamba vilima vyenyewe viliita chai. Historia haikwenda hivyo. Mche wa kwanza wa chai nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na kwa miaka ishirini baadaye Kericho haikuwa na mashamba makubwa ya zao hilo. Wakati huo Waingereza walikuwa wakiwaita wenyeji kwa jina la Walumbwa, jina walilobandikwa na wengine. Wenyewe ni Wakipsigis. Mwaka 1905 askari wa kikoloni waliletwa Sotik kuwaadhibu, na baada ya hapo ardhi ikaanza kugawanywa kwa mistari iliyochorwa ofisini. Mwaka 1919 serikali ilitenga ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEADOC. Zao walilolichagua lilikuwa kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafilisika, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikawa inatafuta mnunuzi. Ndipo kampuni ya James Finlay ikanunua sehemu kubwa, na Brooke Bond nayo ikaingia katika wilaya hiyo hiyo. Kwa hiyo mvua ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni kwamba ardhi ilikuwa imekwisha kuondolewa mikononi mwa watu wake. Lau bei ya kitani ingesimama, vitabu vya jiografia leo vingeeleza kwa uhakika ule ule jinsi hali ya hewa ya Kericho inavyokifaa kitani.

Uondoaji huo haukuishia kwenye mashamba. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiyot, ambao Waingereza waliuogopa kwa sababu ya uongozi wake wa kiroho. Watu wa ukoo huo walisafirishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojulikana kwa mbung'o na malaria, mbali kabisa na baridi ya Kericho. Madai ya mambo hayo yameendelea hadi karne hii. Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliyakubali madai ya Wakipsigis na Watalai mwaka 2019, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mtu aliyeifahamu Kericho kwa njia ya picha ya vilima peke yake angeshangaa kusikia kwamba kuna kesi. Angeuliza ni nani hao wanaodai, maana katika picha aliyoizoea hapakuwa na mtu mwingine ila mchumaji, na mchumaji naye alionekana kana kwamba ameota pale pamoja na majani.

Wala si kwa bahati kwamba chai na filamu ya aina hii vimeshikana. Filamu za hali halisi, zile ambazo watazamaji wa televisheni Kenya huziita makala, zilikomaa Uingereza zikilelewa na biashara ya bidhaa za makoloni. Mwaka 1926 Uingereza iliunda bodi ya kutangaza bidhaa za himaya, na ndani yake John Grierson akajenga kikosi cha watengenezaji filamu ambao baadaye walihesabiwa waanzilishi wa sanaa hiyo. Bodi ilipovunjwa mwaka 1933, kikosi kilihamia Idara ya Posta. Mwaka uliofuata Basil Wright alikamilisha Song of Ceylon, filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi ya kutangaza chai ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ni kazi nzuri mno. Husifiwa mpaka sasa kwa jinsi ilivyosuka sauti, ibada ya Kibudha na kazi ya mikono. Uzuri huo ndio unaotudai tuitazame kwa makini. Aliyelipa alitaka chai inunuliwe, naye mtengenezaji alikuwa msanii wa kweli, na kazi iliyotokana na hao wawili iliweka kipimo ambacho wengine wengi walikifuata: mlima wenye ukungu, mkono unaochuma majani mawili na chipukizi, kisha meli. Mkataba wa ardhi haukupata nafasi. Picha ya Kericho tunayoijua leo ni ya ukoo huo. Na ni jambo la kutafakari kwamba mwaka 2023 James Finlay ilipoamua kuuza mashamba yake ya Kenya, mnunuzi alikuwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, nchi ile ile ambayo filamu yake ndiyo iliyoufundisha ulimwengu namna ya kutazama mchumaji wa chai.

Waafrika wa Mashariki nao walitengenezewa filamu, ila za mlango mwingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha sinema Vugiri, katika milima ya Usambara, kilichofadhiliwa kwa fedha za Carnegie. Waanzilishi wake walitengeneza filamu fupi za mafunzo, sauti zikiwa kwenye sahani za santuri katika lugha za wenyeji, wakazungusha lori lenye projekta kupitia Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Mada zilikuwa safura, kodi, benki ya akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo. Jina rasmi la jaribio lile lilitaja Wabantu, jina ambalo liliwaacha nje Wakipsigis na majirani wao wote wasio Wabantu. Kilipoundwa kitengo cha filamu za makoloni mjini London mwaka 1939, mkuu wake William Sellers alishikilia nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika ahitaji picha zinazokwenda polepole, jambo moja baada ya jingine, bila mbinu yoyote, la sivyo hataelewa. Tukiziweka aina hizi mbili za filamu pamoja, mgawanyo unaonekana wazi. Filamu moja ilimweleza Mzungu Mwafrika anaishije, na nyingine ikamweleza Mwafrika aishije. Katika zote mbili yule aliyehusika zaidi hakuachiwa nafasi ya kusema, “Hapo umekosea.”

Ushahidi ulio dhahiri kuliko wote hautoki kwenye filamu bali kwenye kanda ya sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuja kusini mwa Afrika mwaka 1921 kulima tumbaku na kisha akajitolea maisha yake yote kurekodi muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, baina ya Litein na Sotik, karibu na mpaka ambao leo unaitenga Kericho na Bomet. Alirekodi nyimbo nyingi za Wakipsigis. Miongoni mwake mlikuwa na wimbo uitwao Chemirocha, ambao katika orodha yake unaonekana mara tatu kwa nambari I, II na III, kwa waimbaji tofauti. Wa tatu uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kinubi kikilia chini ya sauti zao. Jina Chemirocha lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya breki katika reli, mpiga gitaa maarufu kwa kupokeza sauti ya kifua na ya kichwa, ambaye kifua kikuu kilimuua mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Sahani zake za santuri zilifika nchi ya Wakipsigis, watu wakazisikia, na jina lake likapewa mdomo wa nyumbani, likaanza na Che kama yanavyoanza Chebet na Cheruiyot.

Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba wasichana hao walimfanya mwimbaji huyo wa ajabu kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, na kwamba wimbo unamwalika aje kucheza mpaka nguo zimdondoke. Maelezo hayo yakasafiri pamoja na wimbo. Kila mahali uliposikika, uliambatana na kisa cha watu wa milimani waliosikia santuri wakamgeuza Mmarekani kuwa mungu wa porini. Ni kisa kitamu, ndiyo maana kilidumu. Lakini tukipime kwa ushahidi uliomo ndani ya orodha yenyewe. Wimbo uliorekodiwa mara tatu katika eneo moja, na wanaume na wasichana, kila kundi kwa namna yake, una dalili zote za wimbo unaovuma, mada ambayo kila mwenye kinubi anaijaribu. Mwaliko wa kucheza mpaka nguo zidondoke ni utani wa wasichana, na asiyeusikia kuwa utani hajapata kusimama karibu na wasichana wanaoimba. Ama huyo nusu paa, Wakipsigis wana koo, na kila ukoo una mnyama wake, tiondo; kumtaja mtu pamoja na mnyama ni lugha ya kila siku pale. Anayempigia kelele mchezaji mpira kwamba ni simba hajamwona na mkia. Huenda paa wa Kapkatet alikuwa sifa, huenda alikuwa kichekesho, huenda alikuwa njia ya kumtafutia mgeni mahali pa kukaa miongoni mwa koo. Maswali hayo yangejibiwa kwa nusu saa ya mazungumzo Kapkatet. Badala yake imani ikahesabiwa imeonekana, ikaandikwa, ikafungwa.

Na ikabaki imefungwa zaidi ya miaka sitini. Kanda zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake mkuu una sahani 210. Wasomi wa ng'ambo waliweza kuusikiliza wimbo wa Chemutoi. Wajukuu wa Kapkatet hawakuweza. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilianza kuzirudisha rekodi za Kenya kwa jamii zilizorekodiwa, na baadhi ya waliorekodiwa mwaka 1950 walipatikana wakiwa hai. Hesabu hiyo yanisikitisha kila ninapoirudia: miaka 64. Kijana aliyeimba akiwa na miaka ishirini alikuwa na miaka 84 siku sauti yake iliporudi. Wengi hawakuingoja.

Msomaji mwenye haki atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Bila Tracey, atasema, tusingekuwa hata na cha kubishania. Sauti ya Chemutoi Ketienya ingekwenda na upepo, na mimi ninayelaumu ningekuwa sina jina la kutaja. Nakubali bila kigugumizi. Zaidi ya hapo, Tracey alifanya jambo ambalo wapiga picha wengi wa zama zake hawakulifanya: aliandika majina ya waimbaji, mahali na mwaka. Ukiitafuta picha ya zamani ya nchi hii utakuta imeandikwa chini yake shujaa wa Kilumbwa au mwanamke wa Kilumbwa, basi; mwenye sura hiyo hana njia ya kurudi kwao. Kwa sababu Tracey aliandika majina, mwaka 2014 iliwezekana kuuliza Kapkatet nani anamjua fulani. Lakini pingamizi hili likichunguzwa linaiunga mkono hoja yangu. Kilichodumu na thamani yake katika kazi ya Tracey ni kile kilichoacha mlango wazi wa kurudi: sauti yenyewe, jina, kijiji. Kilichochuja ni ufafanuzi, yaani sehemu ile aliyoiandika bila kutarajia kwamba mwenye wimbo angeisoma.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya mafunzo haiwezi kubeba kila kitu, kwamba mtoto wa darasa la tano hahitaji kesi za ardhi ili ajue chai inatoka wapi. Ni kweli kwamba kufundisha ni kuchagua. Ila uchaguzi ukirudiwa kwa miaka mia na kila mara ukaacha kitu kile kile, hatuwezi tena kuuita ufupisho. Sentensi moja yatosha: kabla ya chai, watu walilisha ng'ombe hapa na kulima wimbi. Haichukui sekunde tano. Na nchi yenyewe ilishafanya masahihisho ya namna hiyo bila taabu. Kituo cha reli kilichoitwa Lumbwa kinaitwa Kipkelion, na abiria hawakupotea.

Tufike sasa kwenye filamu iliyoivunja picha ya vilima kwa nguvu kuliko nyingine yoyote. Tarehe 20 Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, wenye jina Sex for Work: The True Cost of Our Tea. Zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay, walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alirekodi kwa siri wakubwa wakidai mwili wake kabla ya kumpa kibarua. Unilever, iliyokuwa imekwisha kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai mwaka 2022, ilisema imeshtushwa na kusikitishwa. Suala likafika katika Bunge la Kenya, na baadhi ya wanunuzi wa ng'ambo wakasimamisha ununuzi kutoka James Finlay Kenya.

Habari zenyewe hazikuwa mpya kwa wachumaji. Mwaka 2011 shirika la utafiti la Uholanzi, SOMO, lilikuwa limechapisha ripoti kuhusu hali ya wafanyakazi katika shamba la Unilever la Kericho, shamba ambalo tangu mwaka 2007 lilikuwa na cheti cha Rainforest Alliance na chura wake wa kijani kwenye pakiti. Ripoti ilisomwa na wasomaji wa ripoti. Miaka kumi na mbili baadaye filamu ikatikisa kila kitu, na sababu haikuwa ukali wa picha tu. Siku hiyo hiyo ilikuwa kwenye simu za watu wa Kericho na Bomet. Mnyapara aliitazama, na mchumaji, na mama mwenye duka kando ya nyumba za kampuni, na diwani. Vituo vya redio vya Kikalenjin viliijadili. Safari hii makala iliyotengenezwa kueleza gharama ya kikombe cha Mwingereza ilitazamwa kwa wakati mmoja na mnywaji na mchumaji, na wa pili akawa na la kusema.

Pingamizi la tatu linatoka humu humu Kericho, na ni la watu ninaowaheshimu. Wanasema: huyu ni mgeni mwingine amekuja na kamera, na mara hii amekuja kutuharibia soko. Chai ya Kenya ikikataliwa, wa kwanza kulala njaa si mwenye hisa wa London bali yule yule mchumaji, pamoja na mkulima mdogo wa Konoin au Bureti anayepeleka majani yake kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, na hana uhusiano wowote na mashamba ya kampuni. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtazamaji wa mbali hatofautishi shamba la kampuni na ekari moja ya mama wa Mogogosiek. Kwake zote ni kilima kimoja cha kijani. Lakini hebu tuangalie kosa hilo limetoka wapi. Aliyemfundisha mtazamaji kwamba Kericho ni kilima kimoja, chenye mchumaji mmoja asiye na jina, ni ile picha ya zamani. Kama angekuwa amepata kuelezwa kwamba tangu KTDA ilipoundwa mwaka 1964 wakulima wadogo wamejenga upande wao wa biashara hii, mpaka leo wanatoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya, angejua amkasirikie nani. Filamu ya 2023 ililipishwa deni la filamu zilizoitangulia.

Hali hiyo hiyo ilionekana Mei mwaka huo, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Picha za moshi juu ya majani zilizunguka dunia, na asiyejua historia aliona fujo za watu wanaochukia maendeleo. Waliokuwa wakijua waliona mambo matatu yaliyofungamana: mashine moja inayochukua kazi ya wachumaji wengi, vijana wasio na ajira katika kaunti iliyojengwa juu ya kazi ya mkono, na ardhi ambayo babu zao hawakuiuza. Kuchoma mali si jibu na silitetei. Nasema tu kwamba picha ya moshi bila historia ya ardhi ni sawa na picha ya vilima bila mvua ya mawe.

Tena tusidhani kwamba kumrudishia mwenyeji picha yake kunamaliza ubishi. Mwenyeji si mmoja. Mchumaji wa kampuni aweza kuwa ametoka Kisii, Luanda au Siaya, wazazi wake waliingia nyumba za kampuni kabla hajazaliwa, na lugha ya kazi ni Kiswahili. Mkipsigis anayedai ardhi humwona kama mgeni, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 tofauti hiyo ililipiwa kwa damu ndani ya mashamba hayo hayo. Mtalai ana madai yake ndani ya madai ya Wakipsigis. Mkulima wa KTDA anawaza bonasi. Ukiwaonyesha wote filamu moja watatoka na masahihisho manne yanayopingana. Baadhi ya watengenezaji huona hapo sababu ya kutowauliza kabisa, wakisema hakuna sauti moja ya kuaminika. Mimi naona kinyume chake: masahihisho hayo manne ndiyo jiografia ya mahali hapa, na ni ya kweli zaidi kuliko mwinuko na kiasi cha mvua.

Baina ya kanda ya mwaka 1950 na filamu ya mwaka 2023 kuna wanawake pande zote mbili. Chemutoi Ketienya alitaja jina lake, likaandikwa. Sauti yake imehifadhiwa safi, na yeyote mwenye intaneti aweza kuisikia leo. Ila maana ya alichokiimba iliandikwa na mtu mwingine. Wengi wa wanawake wa mashamba ya chai walisema mambo yao kwa maneno yao wenyewe, na safari hii hakuna aliyeyageuza kuwa ngano. Lakini ili waseme, iliwabidi wafiche nyuso zao na wabadilishiwe majina. Miaka 73 imepita kati yao, na bado ni nadra kumpata mwanamke wa vilima hivi aliyekaa mbele ya kinasa sauti cha mgeni akiwa na vyote viwili, jina lake na maneno yake.